Niliimba Wimbo wa Kuninyamazisha

Jumanne, Aprili. Jioni.

Asubuhi kulikuwa na lile jua la kudanganya ambalo kila mtu wa Kakamega analijua: anika nguo sasa, na saa nane uwe umeshazianua. Nimefungua duka nimechelewa, nimelifunga mapema, na hapo katikati nimempa mtu dawa ya minyoo ya mbuzi wakati yeye alitaka mbegu za sukuma wiki. Amerudi akicheka. Mimi sijaweza kucheka.

Nina aibu. Tangu juzi nimekuwa nikilitafutia neno hili nguo nzuri ya kulivalisha kabla sijalileta hapa. Sijaipata, basi lije hivyo hivyo.

Nina aibu.

Kama wewe ni mgeni kwenye ukurasa huu, mimi ni muuza mbegu na dawa za mifugo mjini, mkazi wa Lurambi, mwanamume aliyepita hamsini na ambaye tumbo lake huingia mlangoni kabla yake. Siku za wiki nawashauri watu kuhusu kuku wanaokohoa. Jumapili ni shemasi. Jumamosi nahubiri mazishini.

Hilo la mwisho ndilo moyo wangu. Sikulisomea. Lilianza siku ambayo mchungaji wetu alikuwa na mazishi mawili Jumamosi moja, naye ni mmoja, akanituma kwa yale ya karibu. Nilienda natetemeka. Kurudi sikumbuki hata njia niliyopita. Wazee walikuwa wamenishika mkono, akina mama walikuwa wamelia, wakacheka, wakalia tena, na mimi nilijua, kama mtu anavyojua kwamba ana njaa, kuwa hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nilikuwa nimechelewa tu kukutana nayo, nikashikwa na kuku njiani.

Siku hizi nina hata chaneli. Naisimamisha simu kwenye kile kistendi cha miguu mitatu, nahubiri, halafu Jumapili nakata vipande na kuviweka mtandaoni. Watazamaji si wengi. Nusu ni watu wa ukoo, nusu nyingine nafikiri walikuja kutafuta habari za kuku wakapotea. Lakini mtu wa Mombasa akiandika "Amina", nashinda nayo hiyo Amina siku nzima kama pipi shavuni.

Mke wangu Loice anasema mazishi ni mahali pazuri sana kwa mhubiri kama mimi, kwa sababu watu hawawezi kuondoka. Wanangoja chakula.

Miaka yote hiyo nilidhani ni utani.

Sasa, Jumamosi. Tulimzika Enos, jirani yetu, aliyekuwa dereva wa trekta la miwa huko Butere mpaka figo zikamgomea. Aliugua kwa muda mrefu. Mkewe Truphosa, ambaye sisi tunamwita Mama Nelly, ndiye aliyemuuguza: kumwogesha, kumgeuza, kumpikia uji usio na chumvi wala sukari na kumbembeleza aunywe. Kila mtu katika barabara yetu alimwona akimtoa nje asubuhi apate jua, amemshika kiunoni kama mtu anayefundisha mtoto kutembea.

Siku Enos alipofariki, Truphosa hakuwepo. Binti yao Nelly alikuwa amejifungua kule Butere, na Enos mwenyewe ndiye aliyemwambia aende akamwone mjukuu, alale siku moja, arudi amsimulie anafanana na nani. Alirudi akakuta watu wamejaa uani.

Ndugu za Enos hawakumwambia kitu usoni. Walisema pembeni, huku wakipanga viti, kwamba alimwacha mgonjwa akafa peke yake. Neno kama hilo kwetu likishaanza kutembea halichoki. Lakini pia kuna mahali pake pa kukatiwa miguu. Mtu akisimama mbele ya jeneza, ukoo mzima umeketi, akasema alicho nacho, hakuna anayemjibu. Amesema, limeisha. Kaburi likishafunikwa, neno lile lile akilisema jikoni au sokoni, watu wataliita maneno ya kujitetea.

Ndiyo maana Truphosa alimwomba Mzee Andrea, kaka mkubwa wa Enos aliyekuwa mfawidhi wa siku ile, asiwekwe kwenye zile hotuba za familia za asubuhi. Alitaka awe wa mwisho kabisa, baada ya mahubiri, kabla jeneza halijainuliwa. Mzee Andrea alikubali, na akanijia mwenyewe pale kwenye hema kunieleza. Alinishika bega.

"Omwana wefwe," akasema, yaani mwana wetu, "wewe ukimaliza, ni Mama Nelly, halafu tunampeleka ndugu yetu. Na uangalie lile wingu."

Nilimwambia asijali.

Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Nimeitafuta hiyo njia ya kutorokea, haipo.

Nilipewa maiki. Na ngoja niandike ukweli ambao unaniuma kuliko mwingine wote: nilihubiri vizuri. Kama ningehubiri ovyo ningekaa chini mapema. Nilimchukua Enos na trekta lake, nikampandisha kutoka shambani, nikampitisha kwenye matope, nikamkwamisha, nikamkwamua, nikamfikisha na mzigo wake mpaka kwenye mizani, na pale mizanini nikamkuta Bwana mwenyewe ndiye anapima. Watu waliowahi kufanya kazi ya miwa wote waliinua vichwa. Kuna mzee mmoja alisimama akavua kofia. Simu yangu ilikuwa imesimama pale mbele kwenye kistendi chake, nami nilikuwa nikiitupia jicho kila nikisema jambo tamu, kuona kama imelipokea.

Upepo ulibadilika. Mzee Andrea aligusa saa yake. Nilimwona, nikamwinulia kidole kimoja, ile ishara yetu wahubiri ya kuomba dakika moja, ambayo sijui ni nani katika dunia hii aliwahi kuiamini. Nikasema, "Kabla sijaketi." Nikaendelea.

Kisha upande wa akina mama, sauti moja ya kike ikaanzisha pambio. Wengine wakalidaka. Makofi yakaingia, na ngoma ya vijana wa kanisa ikafuata.

Mtu yeyote aliyekulia magharibi ya Kenya anajua maana yake. Msemaji akizidisha mazishini, hakuna anayemfukuza, si adabu. Wanaimba. Unaimbiwa wimbo mzuri, wenye upole, na wewe unamshukuru Mungu, unatoa maiki, unaenda kuketi. Nimewaona wanasiasa wakiimbiwa. Nimeona mjomba wangu mwenyewe akiimbiwa, nikacheka mpaka nikafichwa nyuma ya migomba nisiaibishe familia.

Mimi nilidhani Roho ameshuka.

Niliupokea wimbo. Niliuongoza kwenye maiki. Niliwaongezea beti ambazo hawakuziomba, nikacheza kidogo, tumbo likafuata nyuma kwa wakati wake. Wao walipoona wimbo haunitoi, wakaurudia kwa nguvu zaidi, nami nikaona moto unazidi kuwaka. Ulipoisha pumzi nikapaza sauti: "Haleluya! Kabla sijaketi!"

Mvua tuliisikia kwenye mabati ya nyumba kabla haijatufikia. Ilikuja kutoka upande wa msitu, ikamwagika kwa mara moja kama inavyofanyanga. Hema lilikuwa kuukuu. Vijana hawakungoja mtu, waliliinua jeneza kwa mbio, kwa sababu kaburi lilikuwa linajaa maji, na Mzee Andrea akawafuata na mwavuli akipiga kelele washike vizuri. Watu wakatawanyika, huyu kwenye baraza, huyu chini ya viti. Na mimi, maiki ingali mkononi, nikaona mahali pa kumalizia.

"Mvua ya baraka!" nikasema. "Mbingu zimempokea Enos!"

Watu waliitikia Amina huku wakikimbia.

Baadaye nilikaa na wazee sebuleni, tukaletewa obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku. Katika bakuli langu, juu kabisa, kulikuwa na firigisi, ambayo kwetu haipewi mtu hivi hivi, anapewa mgeni wa heshima. Niliila. Nakumbuka hata ilikuwa na pilipili kidogo. Truphosa nilimwona akipita mlangoni, amelowa, kitambaa cha kichwa kimeshikana na nywele. Nikamwambia, "Pole, mama, Bwana ametenda." Alitikisa kichwa akapita. Nikadhani ni majonzi ya kawaida.

Jumapili baada ya ibada niliketi kwenye kochi kukata video. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha. Nilikuwa nimeshapata na kichwa cha habari chenye trekta ndani yake.

Simu nilikuwa nimeisimamisha vibaya kidogo. Ilinichukua mimi, na pembeni ikachukua kiti cha kwanza cha wafiwa na sehemu ya jeneza. Kwa hiyo katika video nzima, upande wa kushoto, yuko Truphosa.

Mwanzoni anasikiliza. Halafu ninaposema "kabla sijaketi", anasimama. Anairekebisha leso, anashika ukingo wa jeneza. Anangoja. Mimi naendelea na mizani, anaketi. Nikisema tena "kabla sijaketi", anasimama tena. Kila nikisema. Yeye aliniamini. Katika hema lile lote ni yeye peke yake aliyekuwa akiamini kwamba sasa hivi nitaketi.

Wimbo unapoanza, anasimama na kufunga macho, midomo inacheza kidogo, kama mtu anayepanga maneno yake kwa mara ya mwisho. Ninapodaka ule wimbo na kuanza kucheza, anafungua macho. Ananitazama. Hakasiriki. Ningefurahi kama angekasirika. Kisha vijana wanakuja kulibeba jeneza, mkono wake ukiwa bado juu yake, na linaondoka chini ya mkono.

Na mimi pembeni yake, tumbo mbele, natangaza baraka.

Loice alikuwa mezani akipanga nguo za shule za kitinda mimba wetu. Nilimwita aje aone. Hakuja.

"Nilikuwa nimekaa nyuma yake, Baba Ivy," alisema. "Niliona."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kitu. Alilikunja shati alilokuwa nalo, akaliweka juu ya jingine, akalisawazisha.

"Nilikuambia. Ule wimbo niliuanzisha mimi."

Sina la kuongeza hapo. Nimeishi na sauti ya huyu mwanamke tangu tuko vijana wa kwaya, naijua ikiwa jikoni na mimi niko barabarani. Jumamosi sikuijua. Nilidhani ni Roho Mtakatifu, kumbe ni mke wangu ananiambia nyamaza.

Niliifuta ile video. Na kwa kuwa hapa nilishaapa kutodanganya, niandike pia kwamba baada ya kuifuta nilikaa kama nusu saa nikiisikitikia. Si Truphosa niliyekuwa namsikitikia. Nilikuwa nasikitikia ile sehemu ya mizani, kwamba haitarudi tena.

Usiku sikulala vizuri. Jana sikufanya kitu, nilipanga tu mambo ya kurekebisha. Na mtu kama mimi akipanga kurekebisha, bila shaka unajua atapanga nini. Nilipanga kuongea.

Leo ilikuwa siku ya kunyoa. Baada ya mazishi ukoo hukaa tena, wafiwa hunyolewa nywele, na mambo ya marehemu huzungumzwa: ng'ombe wake, shamba lake, mjane atakaa na nani. Watu wa kanisa letu wengi siku hizi hawanyoi kichwa kizima. Wanakata kishungi kidogo, wanaomba, wanaendelea na mazungumzo. Nilijua ndugu wote wa Enos watakuwepo. Nikafikiri, basi, pale ndipo pa kumrudishia Mama Nelly nafasi yake. Loice nilipomweleza alisema tu, "Na usikae sana."

Tulikaa sebuleni, viti vimezunguka ukuta. Truphosa alikuwa kwenye mkeka na dada yake, ameshakatwa kishungi. Mzee Andrea aliniona nikiingia, akakunja uso kidogo, lakini ni mtu wa adabu, akaniomba nifungue kwa sala. Nilifungua. Halafu, badala ya kuketi, nikaomba neno moja.

Mzee Andrea alitazama dirishani. Nafikiri alikuwa anaangalia wingu.

Nilisema nimekuja kuomba radhi. Nilisema Jumamosi nilikula nafasi ya mjane. Mpaka hapo ningekuwa nimefanya jambo jema, na ningeketi. Lakini niliona vile watu wameinua vichwa. Nikaendelea. Nikasema kuna maneno yanazunguka, wote tunayajua, kwamba Mama Nelly alimwacha mume wake, na kwamba sisi majirani tuliomwona akimtoa Enos juani kila asubuhi hatuwezi kunyamaza. Nikasema ukoo umpe nafasi leo, hapa, aseme mbele ya watu yale aliyonyimwa, ili hilo neno lifie hapa. Nilikuwa nimeshaingia kwenye mfano wa Martha na Mariamu, nikashangaa mwenyewe nimefikaje huko.

Shemeji mmoja alikuwa anakuna mguu. Lile neno lililokuwa likisemwa pembeni, mimi ndiye mtu wa kwanza kulileta katikati ya nyumba na kuliweka juu ya mkeka mbele yake. Niliona hilo likiwa limeshafanyika.

Mzee Andrea akasafisha koo. "Mama Nelly," akasema, "umesikia. Kama una la kusema, hii ni nyumba yako."

Truphosa alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoinua hakumtazama Mzee Andrea, alinitazama mimi, na tena bila hasira.

"Yale maneno hayakuwa ya ukoo, Shemasi," akasema. "Nilikuwa nataka kumwambia Enos."

Kisha akaongeza, kama mtu anayemweleza mtoto: "Alikuwa ameniambia nikirudi nimsimulie mtoto anafanana na nani."

Niliketi.

Ni mara ya kwanza nimeketi bila kusema "kabla sijaketi".

Mazungumzo yakaendelea bila mimi, ya ng'ombe na ya shamba. Mzee Andrea alisema kwa kifupi tu, akiangalia wale mashemeji mmoja mmoja, kwamba Enos ndiye alimtuma mke wake Butere, yeye alikuwa akiongea na Enos kwa simu akamsikia kwa masikio yake akimwambia mkewe aende, na asingependa kusikia habari nyingine. Sentensi mbili. Shemeji wa mguu akaacha kuukuna. Nilikuwa nimekuja na Martha na Mariamu, na mzee yule akamaliza kwa sentensi mbili.

Chai ilipoanza kuzunguka nilitoka nje niende zangu, viatu mkononi. Nikasikia naitwa kutoka mlango wa jikoni. Ni Truphosa, amejifunga leso ya pili mabegani. Nilianza kuomba radhi upya. Aliinua kiganja, nikanyamaza. Nimeanza kujifunza.

Aliniambia kwamba tangu Jumamosi hajawahi kuwa peke yake. Wanawake wanalala naye, jambo ambalo ni zuri, hakatai, lakini kila akisogea upande wa kaburi mchana kuna mtu anamshika mkono na kuanza kuomba kwa sauti. Jana alitoka alfajiri kabla ya watu, shangazi wa Enos akamfuata na kanga na wimbo. Leo wageni ndio wamejaa zaidi.

"Wewe watu wanakusikilizanga," akasema. "Hata wakichoka wanakusikilizanga tu." Nikaona ametabasamu kidogo, au labda nilitaka kuona hivyo. "Simama pale kwa migomba. Mtu asipite. Na wewe uangalie upande wa barabara."

Nikaenda nikasimama pale kwa migomba.

Nyuma ya nyumba kuna kijia kinachokwenda kwenye kaburi, na migomba imekibana pande zote mbili. Nililiziba lile tundu kwa mwili wangu, kazi ambayo kwa kweli Mungu aliniumbia vizuri. Niliangalia barabara. Nilisikia nyayo za Truphosa zikipita nyuma yangu kwenye majani yaliyolowa, halafu zikasimama.

Wa kwanza kufika alikuwa yule shangazi wa kanga. Alitaka kupita. Nikamwambia angoje kidogo.

"Kuna nini huko?"

"Mama Nelly anaongea."

"Anaongea na nani?"

"Na bwana yake."

Alinitazama mimi, akatazama juu ya bega langu, mdomo ukiwa umeshajiandaa kwa wimbo. Nikatikisa kichwa. Aliketi kwenye jiwe la kufulia, akashika tama. Baadaye akaja shemeji mmoja, shangazi ndiye akamzuia kabla yangu, kwa mkono tu. Akaja Mzee Andrea na kikombe chake cha chai, akaona, akageuka taratibu akarudi ndani na kuwaambia wengine wakae.

Tukakaa hivyo. Manyunyu yalianza, mepesi, hakuna aliyeondoka. Mimi nina ugonjwa wa maneno. Nikiwa nimesimama mahali na watu wakinitazama, kifua kinaanza kuwasha. Mstari wa zaburi ulinijia wenyewe, mzuri, unaofaa kabisa. Nikauma ulimi. Na nyuma yangu sauti ya Truphosa ilikuwepo, chini chini, haikatiki, na mara moja niliisikia kama inacheka. Anasema nini sijui. Sikupata neno hata moja, na sikujaribu kulipata. Hilo moja nalikubali kuwa jema nililofanya wiki hii, na lenyewe nililifanya nimegeuka.

Alipomaliza alipita pembeni yangu. Macho yalikuwa mekundu lakini uso ulikuwa umetulia. Akamwambia shangazi waingie ndani, asinyeshewe. Kwangu akasema, "Asante. Sasa nenda nyumbani."

Nikaenda nyumbani.

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa hadithi nzuri, mtu amekosea, amejifunza, amerudi kwake na mvua begani. Lakini kabla sijaanza kuandika haya, hapa kwenye kompyuta ya zamani ya mwanetu Ivy, mchungaji alipiga simu. Jumamosi hii kuna mazishi Mautuma, mwalimu mstaafu, watu watakuwa wengi sana, na yeye ana harusi. Je, nitaenda?

Moyo wangu uliruka.

Nimetoka kusimama kwa migomba leo leo, matope bado yako kwenye soli, na moyo wangu uliruka kama wa mtoto aliyetajiwa Krismasi. Kabla mchungaji hajamaliza kusema jina la marehemu, mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza: mwalimu, ubao, chaki, mtihani wa mwisho. Hii ndiyo aibu yenyewe niliyoianza hapo juu. Ile ya Jumamosi ningeweza kusema sikuona. Ya leo nimeiona inakuja, na bado niliifungulia mlango.

Sijui watu wengine wanatofautishaje. Kinachonirusha moyo hivi, ni Mungu ananiita, au ni mimi najiita mwenyewe kisha naitika, "Niko hapa, Bwana"? Na kama ni vyote viwili, nani anatangulia?

Nilimwambia mchungaji aulize kwanza kama mwalimu ameacha mjane, na kama yupo, anataka kusema wakati gani. Mimi niwekwe mapema, kabla yake kabisa, au nisiwekwe kabisa. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema ataulizia, atanipigia.

Simu iko hapa mezani. Tangu nianze kuandika nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyotazama maandishi. Sasa hivi Loice amepita akielekea jikoni na ungo wake wa mrenda, akaniona. Ameigeuza simu kifudifudi, akaketi pale mlangoni, akaanza kuchambua majani.

Ya kesho siyajui. Mpaka hapa ninapoandika, sijaigeuza.